Mpelelezi na Plau ya Kijiji

Baba yangu alikuwa karani kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na katika miaka ya mwisho ya ukoloni nyumba yetu ilikuwa na vitabu viwili: kitabu cha sala na kitabu cha mpelelezi. Cha sala kilikaa juu ya kabati, nacho kilikuwa kizima. Cha mpelelezi kilikaa chini ya mto wa baba, na jalada lake lilishatoka, likashonwa kwa uzi wa gunia, likatoka tena. Mama aliwahi kumuuliza kwa nini anarudia kusoma habari za mauaji wakati muuaji anamjua. Baba akajibu kwamba hasomi ili amjue muuaji, anasoma ili akae na yule mtu.

Yule mtu alikuwa mfupi, mnene kidogo, mpole wa sauti, na alitembea na kigoda chake mwenyewe kwa sababu hakuamini viti vya watu. Washukiwa aliwahoji wakiwa wanakula. Alisema mtu anayetafuna hana nafasi ya kupanga uongo. Na katika kila kitabu, maana vitabu vyake vilikuwa vingi, ilifika mahali akakaa, akawatazama wote waliokusanyika, akauliza swali lilelile: tangu jambo hili litokee, nani analala vizuri zaidi?

Uhuru ukaja. Wazungu wa kinu wakaondoka, bendera ikashushwa na nyingine ikapandishwa, shuleni tukafundishwa nyimbo mpya. Mpelelezi hakuguswa. Vitabu vyake viliendelea kuuzwa Musoma kwenye kibanda kimoja karibu na soko, vikiwa vimepangwa bega kwa bega na hotuba na miongozo ya chama. Mwenye kibanda aliniambia kwa mdomo wake kwamba miongozo watu hununua ili waonekane nayo, na mpelelezi humnunua wakamficha ndani ya miongozo. Mimi nilinunua mpelelezi peke yake. Nilikuwa nimemaliza kozi fupi ya kufundisha watu wazima, nimepangiwa kijiji kipya upande wa Nyamuswa, na nilihisi kule kutakuwa na jioni ndefu.

Mimi kwetu ni Suguti, mtu wa ziwani, wa samaki, furu na sato. Kule nilikopelekwa walikuwa watu wa ng'ombe na pamba, na siku ya kwanza walinionea huruma walipogundua siwezi kutofautisha mtamba na ng'ombe aliyekwisha kuzaa. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya kweli. Watu waliletwa kwa malori kutoka mabondeni na kwenye miinuko, wakaambiwa wajenge nyumba kwa mstari, na sasa kila mtu alikuwa jirani wa mtu ambaye hakumchagua. Darasa langu lilikuwa ndani ya ghala la pamba. Msimu wa kununua pamba ulikuwa umekwisha, ghala lilikuwa tupu, na wanafunzi walikalia magunia.

Kitabu cha kwanza cha kujifunzia kusoma kilihusu pamba. Cha pili kilihusu ng'ombe. Wanafunzi wangu walikuwa wamelima pamba tangu wapate nguvu za kushika jembe, na kitabu kiliwaeleza kwamba pamba hupaliliwa. Walisikiliza kwa adabu, jinsi mtu anavyomsikiliza mgeni anayemwelekeza njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe. Wiki ya pili waliokuja walikuwa wachache. Wiki ya tatu alibaki mwenyekiti wa kijiji, ambaye alilazimika kuja kwa sababu ya cheo chake, na mama mmoja mjane aliyekaa nyumba ya mwisho kwenye mstari wetu. Mwenyekiti alikuwa mtu mrefu, mwenye wasiwasi, aliyeogopa sana barua kutoka Musoma. Huyo mama mjane sikumwona akiogopa kitu.

Ni yeye aliyenikuta siku moja mchana nimekaa mlangoni pa ghala nasoma. Nilikuwa nimefika mahali pabaya. Tajiri mwenye mashine ya kusaga amekutwa amekufa ndani ya chumba cha mashine, mlango umefungwa kwa ndani, na mashine bado inazunguka.

"Mwalimu," akasema, "hicho si kile cha pamba."

"Hapana, mama."

"Cha pamba hakijawahi kukutoa macho hivyo. Kinasema nini?"

Nikamwambia. Akaketi. Nikamsomea sura ya kwanza yote, tangu mpishi wa tajiri anapompikia ugali.

"Huyo mpishi," akasema, "unga aliutoa wapi, kama chumba cha mashine kilikuwa kimefungwa?"

Mimi nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara mbili na swali hilo halikunijia.

Kesho yake walikuja watu ambao nilikuwa nimekwisha kuwasahau sura. Mama mjane alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kusimulia ile sura, na aliishia pale mlango unapobomolewa. Nikatunga sheria: kwanza somo, kila mtu aandike sentensi yake ubaoni bila kosa, halafu sura moja ya mpelelezi. Sijawahi kuona watu wazima wakiandika "Palizi ya kwanza hufanywa mapema" kwa haraka namna ile. Aliyekosea alirekebishwa na darasa zima, tena kwa ukali, maana alikuwa anawachelewesha. Mzee mmoja aliyekuwa ameapa kwamba macho yake hayaoni herufi aliziona zote katika wiki hiyo moja.

Kitabu kilimwita yule mtu kwa jina, lakini kijijini kwetu hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mpelelezi, kama mtu anavyoitwa Mwenyekiti au Katibu Kata, na alizungumzwa kama mtu anayeweza kushuka kwenye basi wakati wowote. Walibishana kabila lake. Wajita wachache waliokuwepo walisema ni wao, kwa sababu ananawa mikono kwa muda mrefu kabla ya kula. Waikizu walikataa, wakasema mtu anayetembea na kigoda chake ni mzee mwenye heshima zake, na heshima hizo zinajulikana ziko wapi. Mkurya mmoja aliyeoa hapo alisema kwa sauti ya kumaliza mambo, "Huyu haogopi. Mmeona akiogopa? Basi." Wakanigeukia mimi. Nikasema kitabu hakitaji. Wakaona ni kosa la kitabu.

"Na anakulaga kwa nani?" akauliza yule mzee wa macho. "Mke hana. Shamba hana. Kila sura anakula kwa watu."

"Ni mgeni," mama mjane akamjibu. "Mgeni analishwa."

Rejista ya mahudhurio ilijaa kiasi kwamba Musoma walishtuka. Vijiji vingine vilikuwa vinapeleka taarifa za watu kutoroka darasa, hata kile kijiji cha mfano upande wa Butiama kilichokuwa na ubao wa kisasa na taa ya karabai, halafu kijiji chetu kinaomba magunia zaidi ya kukalia. Afisa wa elimu ya watu wazima akaja mwenyewe kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa bado kijana, amevaa suti ya mikono mifupi ya wakati ule, mifuko minne, kalamu mbili. Alikaa nyuma akasikiliza somo, akatikisa kichwa kwa furaha. Halafu nikafungua kitabu cha mpelelezi, na furaha ikamtoka.

Aliniacha nimalize sura. Akasimama.

"Ndugu mwalimu, huyu mpelelezi ni mkulima au mfanyakazi?"

Wakati ule watu walikuwa wa aina hizo mbili tu, na wa aina ya tatu waliitwa wanyonyaji.

Mama mjane akajibu badala yangu. "Ndugu afisa, huyu hana nyumba, hana shamba, hana ng'ombe hata mmoja. Mali yake ni kigoda. Kama kuna mjamaa kumshinda huyo, mimi sijamwona. Hata wewe una pikipiki."

"Pikipiki ni ya serikali, mama."

"Na kigoda ni cha kwake. Sawa."

"Analipwa na matajiri," afisa akasema.

"Anawafunga pia," akasema yule Mkurya.

Mwenyekiti alikuwa anaangalia sakafu. Afisa akakichukua kitabu, akasema kinakwenda kwa uchunguzi wa kiitikadi, akakitia ndani ya shati lake na kuondoka nacho. Tulisikia pikipiki ikipanda mwinuko mpaka sauti ikaisha. Nilitoa kitabu cha ng'ombe, na watu wakaanza kunyanyuka kutoka kwenye magunia mmoja mmoja, wakiaga kwa upole kabisa, wakisema wana mbuzi wa kufunga.

Baada ya hapo darasa lilikufa. Nilifundisha kuta. Mwenyekiti alianza kukosa usingizi kwa sababu wakaguzi wa mtihani wa kusoma na kuandika walikuwa wanakuja, na kijiji kilichoongoza kwa mahudhurio sasa kilikuwa na yeye na mimi. Hata mama mjane aliacha kuja. Nilipomfuata nyumbani alikuwa anapukuchua mahindi.

"Nitakuja kitabu kikija," akasema, bila hasira.

Kikaja. Afisa alirudi akiwa amekifunga kwenye gazeti, na safari hii alitembea polepole zaidi. Macho yake yalikuwa mekundu. Watu walipoisikia pikipiki walijaa ghalani kabla hajaizima.

"Kitabu kimechunguzwa," akatangaza. "Kina mapungufu. Lakini kwa jumla kinafundisha umakini, na umakini ni silaha ya mkulima. Darasa linaweza kuendelea nacho chini ya uangalizi." Akakohoa. Akashindwa kujizuia. "Hata mimi mwenyewe, ndugu zangu, sikutegemea kabisa kwamba yule mhasibu..."

"Ndugu afisa," mama mjane akasema, "kaa kimya."

Sidhani kama kulikuwa na mtu mle ndani aliyewahi kusikia afisa wa serikali akiambiwa hivyo. Mwenyekiti alifumba macho. Afisa alibaki mdomo wazi, akawatazama wale watu waliokaa kwenye magunia, na nadhani alielewa kwamba mle ndani yeye ndiye mtu wa hatari kuliko wote, maana alikuwa ameshafika mwisho. Akaketi. Alikaa kimya mpaka nilipomaliza sura, na alipoondoka walimsindikiza wengi kuliko ilivyo kawaida, mpaka barabarani, kuhakikisha hamwambii mtu njiani.

Lile neno moja lililomponyoka lilitusumbua vibaya. Nusu ya darasa ikaamua muuaji ni mhasibu wa yule tajiri. Nusu nyingine ikasema afisa ametumwa kuwapoteza.

Zilikuwa zimebaki sura chache wingu la kwanza zito lilipotanda upande wa milimani. Mwenyekiti alisimama mwisho wa darasa akatangaza kwamba Jumamosi kijiji kizima kitaanza kulima shamba la ujamaa, na kwamba darasa linafungwa mpaka baada ya palizi.

"Hatuwezi kumaliza kwanza?" mama mjane akauliza.

"Mama, mvua haitungoji tusome."

Alisema hivyo kama mwenyekiti anavyopaswa kusema, lakini nilimwona anakiangalia kitabu mkononi mwangu, na nilijua roho inamuuma kama wengine.

Shamba la ujamaa lilikuwa na plau moja tuliyopewa na wilaya, ya kukokotwa na ng'ombe, nayo ilikaa kando ya ghala. Jumamosi asubuhi watu walifika na ng'ombe wao, nira zikafungwa, na ndipo ikaonekana kwamba plau haina ulimi, yaani kile chuma kipana cha chini kinachokata udongo. Kimefunguliwa. Tena aliyefungua hakuwa na papara: bolti na nati zake zilikuwa zimepangwa kwa mstari juu ya jiwe, safi, kama mtu anayejua zitahitajika tena.

Mwenyekiti alituma ujumbe Bunda. Bunda wakasema vipuri viko Musoma. Musoma wakasema vipuri havipo kwa sasa, kijiji kiwe na subira. Nakumbuka jinsi taarifa hiyo ilivyopokelewa. Watu walisikitika sana, wakasema ni hasara kubwa kwa taifa, halafu kila mmoja akarudisha ng'ombe wake, akachukua jembe lake la mkono akaenda kulima shamba lake mwenyewe. Wengine walikwenda wanaimba.

Hata hivyo wizi ni wizi, na mwenyekiti alijua barua itakuja. Kwa kuwa kijiji chetu hakikuwa na polisi, na kwa kuwa karibu watu wazima wote sasa walikuwa na mafunzo ya upelelezi, aliteua kamati kutoka darasani. Mama mjane akachaguliwa kuongoza bila kupingwa. Alifanya kazi kwa bidii ambayo haina mfano. Aliweka sharti kwamba washukiwa wahojiwe wakati wa kula, kama inavyotakiwa, kwa hiyo kamati ilianza kuzunguka nyumba kwa nyumba saa za ugali. Kwa adabu za pale huwezi kula mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Wale wajumbe walihoji kijiji kizima na baadhi ya nyumba wakazihoji mara mbili, hasa zile zenye maziwa ya mgando. Yule mzee wa macho alinenepa.

Hawakupata kitu. Ndipo mwenyekiti akaitisha mkutano ghalani, na mama mjane akaweka kigoda chake mbele, akaketi, akapitisha macho kwa watu wote. Aliuliza kwa sauti ndogo, na alikuwa amemwiga Mpelelezi vizuri.

"Tangu ulimi wa plau upotee, nani analala vizuri zaidi?"

Nje kuku walikuwa wanaparua. Halafu mzee mmoja, mtu mkweli aliyekuwa mzee wa kanisa, akainua mkono.

"Mimi," akasema. "Siwezi kudanganya. Mgongo umepona."

"Na mimi," akasema mwingine. "Shamba langu nimelimaliza. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa sijagusa."

"Mimi nalalaga mpaka jua linatoka," akasema mama mmoja, akacheka, kisha akajikaza.

Mikono ikaendelea kuinuka. Mwenyekiti alikuwa amesimama kando, na mkono wake nao ulinyanyuka, ukafika kichwani, ukajikuna, ukabaki hapohapo.

Kamati ikakaa faragha nyuma ya ghala, ikarudi na matokeo. Mama mjane aliyasoma mwenyewe kutoka kwenye kipande cha karatasi, herufi kwa herufi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisoma kitu alichokiandika kwa mkono wake: mhusika ni kijiji kizima, na kosa limefanyika kijamaa.

"Siwezi kupeleka hivyo Musoma," mwenyekiti akasema.

"Basi andika uchunguzi unaendelea."

"Unaendelea vipi?"

"Sisi bado hatujajua Mpelelezi anamalizaje," akasema mama mjane. "Tutamalizaje kazi ambayo hatujafundishwa mwisho wake?"

Mwenyekiti akafikiri. Sura yake ikatulia kama ya mtu aliyepewa dawa. Jioni ileile darasa likafunguliwa tena, kwa ajili ya uchunguzi, na likaandikwa hivyo kwenye taarifa.

Tulisoma sura zile za mwisho mvua ikipiga juu ya bati kwa nguvu, ikabidi nisome kwa kupaza sauti, na pale mvua ilipozidi tulikaa tukangoja. Mhasibu hakuwa na hatia yoyote. Hilo ndilo afisa hakulitegemea. Muuaji alikuwa mpwa wa marehemu, yule kijana mwenye huruma aliyelia kuliko wote msibani, aliyembebea Mpelelezi mizigo yake, akamwonyesha nyumba, akamtafutia mashahidi. Watu walipiga kelele za kukataa. Yule Mkurya alisimama akatoka nje kwenye mvua, akarudi amelowa, akasema rudia. Nikarudia. Mama mjane alikuwa ameketi mikono mapajani, ametulia kama mtu aliye kanisani.

Kesho yake asubuhi ulimi wa plau ulikuwa mahali pake. Haukuletwa tu, ulikuwa umefungwa, bolti zote zimekazwa, na ulikuwa na mavi ya ng'ombe yaliyokaukia pembeni. Ushahidi huo haukusaidia chochote kwa sababu hakukuwa na nyumba isiyokuwa na mavi ya ng'ombe. Mwenyekiti alikuja, akauangalia. Aliinama akaugusa. Akatuangalia sisi wa darasa tuliokuwa tumesimama pale, mmoja baada ya mwingine, na macho yake yalipita kwa mama mjane yakarudi tena kwake. Naye alikuwa amesikia sura ya mwisho kama sisi.

"Tulime," akasema.

Mchana wa siku hiyo nilikwenda nyumba ya mwisho kwenye mstari. Mama mjane alikuwa anasafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi, akaninyooshea kigoda.

"Uliuficha wapi?" nikamuuliza. Hatukuhitaji kutaja kitu.

"Kwenye samadi. Zizini kwangu."

"Hukuogopa kamati?"

"Kamati iliingia humu, mwalimu. Nilikuwa mbele yao nikiwaonyesha pa kutafuta."

Nikacheka, naye hakucheka. Akaweka kibuyu chini.

"Mume wangu nilimzika kule bondeni," akasema. "Miezi haikupita mingi, lori likaja. Kaburi limebaki kule, nyumba imebaki kule, migomba yangu imebaki kule. Hapa sikuwa na kitu ninachokingoja. Asubuhi inakuja, jioni inakuja, mimi nipo tu. Halafu wewe ukaleta yule mtu, nikawa nalala nikiwaza, kesho atasema nini? Miaka ilipita sijaingoja kesho. Sasa mwenyekiti anasema mpaka baada ya palizi. Wewe ungekwenda kwenu Suguti, pengine ungeolewa huko, na kitabu kingekwenda na wewe. Ningefanyaje?"

Alinimiminia maziwa, nikanywa.

"Yule mpwa nilimjua mapema," akaongeza baadaye. "Sura ya tatu. Mtu haachi kazi zake zote kumsaidia mpelelezi bure."

Shamba la ujamaa lilipandwa kwa kuchelewa na pamba yake ilitoka fupi, yenye huzuni. Mashamba ya watu yalistawi. Mwenyekiti aliandika Musoma kwamba hali ya mvua ilikuwa ya kubadilikabadilika, na Musoma waliridhika, ingawa mvua iliyonyesha kwenye shamba la kijiji ndiyo iliyonyesha ng'ambo ya njia kwenye mahindi yake. Kwenye mtihani wa kusoma na kuandika tulivishinda vijiji vyote vya jirani. Afisa alikuja kutupongeza, akatoa hotuba kuhusu umakini kama silaha, na akatukabidhi zawadi ya serikali, sanduku zima la vitabu. Tulilifungua hapohapo kwa haraka isiyo na aibu. Vyote vilikuwa vya pamba.

Mama mjane alichukua kimoja akakisoma chote, wiki nzima, peke yake. Nikamuuliza kinasemaje.

"Wanakufa wadudu," akasema. "Na aliyewaua anajulikana kuanzia jalada."

Nilihamishiwa Musoma mwaka uliofuata, nikaolewa, nikafundisha shule ya kawaida mpaka nilipostaafu. Kila nilipopata mpelelezi mwingine pale kwenye kibanda nilimpelekea mama mjane kwa watu wa basi. Aliwasomea wenzake ghalani, msimu wa pamba ukiingia wakahamia nyumbani kwake. Nilikwenda kumsikiliza mara moja. Alisoma vizuri, bila kukwama, lakini hakuheshimu sana maandishi. Mpelelezi wake alikuwa ameteremka Nyamuswa kwa basi, alikunywa maziwa kwa watu ninaowajua, na muuaji alifanana kupita kiasi na jirani ambaye mbuzi wake walikuwa wamekula mtama wa mama mjane wiki ile. Jirani mwenyewe alikuwepo, anasikiliza, na alitaka kujua atakamatwaje.

Mama huyo alifariki zamani. Vijiji navyo vililegea, watu wakarudi polepole mabondeni kwao, ghala likawa zizi la mbuzi. Mwandishi wa vitabu vile nasikia alikwisha kufa hata kabla mimi sijazaliwa, jambo ambalo halikumzuia kuendelea kupata wasomaji upande huu wa ziwa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Kisorya nangoja kivuko cha kwenda Ukerewe kumwona binti yangu. Kivuko kilikuwa kimechelewa kwa sababu ya upepo. Kwenye benchi la jirani kijana mmoja muuza mitumba alikuwa anawasimulia wenzake habari za mtu mmoja wa usalama aliyetumwa na serikali zamani, enzi za vijiji, kuja Nyamuswa kumkamata mwizi wa plau. Alikuwa mrefu, kijana akasema, ana pikipiki, ana simu mbili.

Wakati ule simu ilikuwa moja, Bunda, nayo ilikuwa mbovu. Nikaingilia kwa upole, nikamwambia kwamba mtu huyo hakuwepo, alikuwa wa kitabuni, na kitabu chenyewe nilikisoma mimi.

Akanitazama kwa heshima anayopewa mwanamke wa umri wangu.

"Mama, wewe wakati huo ulikuwa Nyamuswa?"

"Nilikuwepo."

"Sasa mama, hao watu wa usalama si wanakujaga kwa siri? Ungemwonaje?"

Wenzake wakakubaliana naye. Mmoja akanisogezea karanga ili nisijisikie vibaya. Kijana akaendelea pale alipokuwa ameachia, plau imepotea, mwenyekiti anatetemeka, kila mtu anasema hajui, na kwenye umati kuna mwanamke mmoja aliyesimama nyuma kabisa ambaye hasemi kitu.

"Huyo mwanamke ni nani?" nikauliza.

"Subiri, mama," akasema. "Usiniharibie."

Nikala karanga zangu, nikasubiri.